Wanawake katika bodi, faida ya kampuni, na barua zinazotufikia kila Mei

Msimu wa mikutano mikuu ya mwaka hupamba moto kuanzia Mei, kwa kuwa kampuni nyingi zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi hufunga hesabu Desemba 31, na kampuni ya umma (yaani inayoweza kuuza hisa kwa umma, si lazima iwe ya serikali) ina miezi 6 baada ya hapo kufanya mkutano wake. Ndio msimu ambao barua hujaa mezani petu. Nyingi siku hizi zinahusu jambo moja, nazo huja kwa makundi mawili yasiyosalimiana. Kundi la kwanza linataka kampuni fulani iadhibiwe kwa kuwa bodi yake haijafikisha thuluthi moja ya wanawake, na huambatanisha bango la WhatsApp linalosema kwamba kampuni zenye wanawake wengi hupata faida asilimia 53 zaidi. Kundi la pili linadai gawio, yaani faida wanayogawiwa wenyehisa, lilianza kupungua tangu "wale kina mama" walipoingia, basi watolewe.

Tunachukulia kwamba wote wanaandika kwa nia njema. Mwenyehisa anayefungua ripoti ya mwaka na kuuliza nani ameketi wapi anatusaidia zaidi kuliko aliyekuwa akija mkutanoni katika ukumbi wa Bomas kwa ajili ya mwavuli na kiboksi cha chakula. Tatizo ni kwamba barua nyingi zinadai kitu ambacho sheria haikitoi, na kukiacha kile inachokitoa. Makala haya ni maelezo ya jumla. Hayachukui nafasi ya ushauri wa wakili wala wa mshauri wa uwekezaji, na hayatoi maoni kuhusu hisa ya kampuni yoyote.

Hiyo asilimia 53

Takwimu yenyewe si ya kubuni. Ilitolewa mwaka 2007 na shirika la Catalyst la Marekani, ambalo lilizipanga kampuni kubwa za nchi hiyo kwa kufuata uwiano wa wanawake katika bodi zao, kisha likalinganisha robo ya juu na robo ya chini. Faida juu ya mtaji wa wenyehisa ilikuwa wastani wa asilimia 13.9 katika robo ya juu na asilimia 9.1 katika robo ya chini. Pengo ni pointi 4.8. Gawanya 4.8 kwa 9.1, utapata 53 yako. Hiyo haina maana kwamba mmoja alitia mfukoni Sh153 pale mwenzake alipopata Sh100. Ni uwiano uliopimwa dhidi ya uwiano mwingine, katika soko la Marekani, miaka mingi iliyopita.

Zaidi ya hapo, kulinganisha robo mbili hakukuonyeshi kipi kilitangulia. Kampuni yenye fedha huwa na bodi pana, huwa na kamati ya uteuzi inayofanya kazi, humulikwa na mifuko ya pensheni, na inaweza kumlipa mtaalamu atafute wakurugenzi nje ya mzunguko wa marafiki wa mwenyekiti. Inawezekana kabisa kwamba faida ndiyo iliyowaleta wanawake.

Na huo uwiano wenyewe hubadilika kwa mambo yasiyohusiana na mtu yeyote aliyeketi katika bodi. Chukua kampuni ya mfano yenye faida baada ya kodi ya Sh240 milioni, mali ya Sh4 bilioni na mtaji wa wenyehisa wa Sh1.5 bilioni. Faida juu ya mali ni asilimia 6, na juu ya mtaji wa wenyehisa ni asilimia 16. Mwaka unaofuata mthamini anapita katika kiwanja chake cha Industrial Area na kukipandisha thamani kwa Sh500 milioni. Tukiacha pembeni kodi iliyoahirishwa, yaani ile itakayodaiwa baadaye, mali sasa ni Sh4.5 bilioni na mtaji Sh2 bilioni. Faida imebaki Sh240 milioni ileile, lakini uwiano wa kwanza umeshuka hadi asilimia 5.3 na wa pili hadi asilimia 12. Kama mwaka huo ndio mkurugenzi mpya wa kike aliingia, kuna mtu atatuandikia kwamba yeye ndiye aliyeangusha pointi 4. Tumewahi kupokea hoja za namna hiyo zikiwa zimechorewa grafu.

Kwa hapa Nairobi mtego mkubwa zaidi ni mabenki. Tafiti za Taasisi ya Usimamizi ya Kenya zilionyesha kwamba wanawake walikuwa asilimia 21 ya wakurugenzi wa kampuni zilizoorodheshwa mwaka 2017, wakafika asilimia 36 mwaka 2021. Weka mstari huo sambamba na faida za mabenki, ambazo ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya faida ya soko letu, na utaona mistari miwili inayopanda. Kabla ya kushangilia, kumbuka kilichotokea katikati. Kuanzia Septemba 2016 riba ya mikopo ilikuwa imewekewa kikomo cha pointi 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Kikomo hicho kiliondolewa Novemba 2019. Mwaka 2020 mabenki yalitenga fedha nyingi kwa ajili ya mikopo mibaya ya wakati wa korona, na 2021 mzigo huo ukapungua, faida zikarudi juu. Mtu anayelinganisha 2017 na 2021 bila kutaja kikomo cha riba anapima sera ya Bunge akidhani anapima jinsia. Soko letu lina kampuni sitini na kitu tu, za sekta zisizofanana hata kidogo. Ukitoa mabenki, bima na zile ambazo hisa zake zimesimamishwa, kilichobaki hakitoshi kujaza basi la abiria, sembuse kujenga kanuni ya uchumi.

Utafiti uliofanywa kwa uangalifu unasema nini

Norway ndiyo inayotajwa na kila mtu. Ilipitisha sheria mwaka 2003 kwamba kampuni kubwa za umma ziwe na angalau asilimia 40 ya kila jinsia katika bodi, na kufikia mwanzo wa 2008 kampuni isiyotimiza ingeweza kuvunjwa. Mwaka 2012 Kenneth Ahern na Amy Dittmar walichapisha matokeo kwamba hisa za kampuni zilizokuwa hazina mwanamke hata mmoja ziliporomoka kwa takriban asilimia 3.5 mpango huo ulipotangazwa, na kwamba thamani ya kampuni ilishuka. Wapinzani wa wanawake katika bodi huishia hapo. Hawaendelei hadi kwa Espen Eckbo na wenzake, waliorudia hesabu hizo kwa njia kali zaidi na kuchapisha mwaka 2022 kwamba athari hiyo kwa thamani haitofautiani na sifuri kwa kipimo cha takwimu. David Matsa na Amalia Miller nao, mwaka 2013, waliona kwamba kampuni zilizoguswa na sheria hiyo ziliachisha kazi watu wachache kuliko nyingine, hivyo gharama za mishahara zikawa juu na faida ya muda mfupi ikapungua. Hilo ni zuri au baya? Inategemea unashikilia hisa kwa miezi mingapi, na kama mwanao ameajiriwa pale.

Ukitaka jibu la jumla, Corinne Post na Kris Byron walikusanya tafiti 140 mwaka 2015. Waliona uhusiano chanya lakini mdogo kati ya wanawake katika bodi na faida ya vitabuni, yaani ile inayoonekana katika hesabu za kampuni, wenye nguvu zaidi katika nchi ambazo sheria inamlinda mwenyehisa vizuri. Kwa bei ya hisa, walipata karibu sifuri. Maneno "mdogo" na "karibu sifuri" hayatoshi kwenye bango, ndiyo maana huyaoni huko.

Kuna jambo moja ambalo kundi la pili linapaswa kulisoma polepole. Mwaka 2003 gazeti moja la London liliandika kwamba kampuni kubwa za Uingereza zilizoweka wanawake katika bodi zilifanya vibaya. Michelle Ryan na Alexander Haslam wa Chuo Kikuu cha Exeter walikwenda kuangalia bei za hisa mwezi baada ya mwezi, na mwaka 2005 wakaonyesha kwamba kampuni nyingi za aina hiyo zilikuwa zimeanza kuyumba kabla ya mwanamke kuteuliwa. Aliitwa nyumba ikiwa tayari inavuja. Kwa hiyo ukitaka kumlaumu mkurugenzi kwa kushuka kwa gawio, weka tarehe ya uteuzi wake kando ya tarehe ya onyo la faida. Kampuni iliyoorodheshwa hulazimika kulitangaza onyo hilo inapotarajia faida ya mwaka kupungua kwa asilimia 25 au zaidi. Mkurugenzi asiye mtendaji, yaani asiyeajiriwa kuendesha kampuni, aliyeingia Agosti, akahudhuria vikao viwili kabla ya Desemba, hakuiangusha kampuni. Hata kusaini hundi hasaini.

Matokeo tunayoyaona kuwa na manufaa zaidi kwa mwenyehisa wa kawaida ni ya Renée Adams na Daniel Ferreira, ya mwaka 2009, kuhusu kampuni za Marekani. Waliona wakurugenzi wanawake wana mahudhurio bora kuliko wanaume, kwamba wanaume wenyewe hupunguza utoro bodi inapokuwa na wanawake zaidi, kwamba wanawake huwekwa zaidi katika kamati za usimamizi kama ile ya ukaguzi, na kwamba katika bodi hizo mkurugenzi mkuu huwajibishwa haraka zaidi hisa zinapofanya vibaya. Lakini wastani wa athari kwa faida ulikuwa hasi, hasa katika kampuni ambazo tayari zilikuwa zinasimamiwa vizuri. Usimamizi ukizidi pale ambapo hauhitajiki huleta gharama. Usimamizi pale ulipokosekana ni kitu kingine. Sasa jiulize kampuni yako iko upande gani, halafu fungua ripoti yake.

Sheria inadai nini, na kwa nani

Hapa ndipo barua nyingi hukosea, kwa hiyo tutakwenda taratibu.

Kifungu cha 27(8) cha Katiba ya 2010 kinaitaka Serikali ichukue hatua za kisheria na nyinginezo ili jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au vya kuteuliwa. Anayeamriwa ni Serikali. Mahakama Kuu ilikitumia Desemba 2016 ilipoamua kwamba Baraza la Mawaziri la wakati huo lilivunja kanuni hiyo. Kwa mashirika ya serikali, pamoja na Katiba kuna Mwongozo, yaani kanuni za utawala za mashirika hayo zilizotolewa 2015. Ukiona bodi ya shirika la serikali imepita kiwango, una hoja ya kikatiba mkononi, na unaweza kuipeleka kwa Tume ya Taifa ya Jinsia na Usawa au mahakamani.

Kampuni iliyoorodheshwa isiyo ya serikali ni habari nyingine. Hapo kuna Kanuni za Utawala za 2015 za Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, zilizochapishwa katika Gazeti Rasmi Machi 2016. Zinaitaka bodi iwe na sera ya mseto wa wajumbe: elimu, ujuzi, uzoefu wa sekta, umri, uraia, asili na jinsia. Haziweki asilimia ya wanawake. Tunarudia, kwa kuwa swali hili tumelijibu mara nyingi kuliko jingine lolote: kampuni isiyo ya serikali yenye bodi ya wanaume watupu haijatenda kosa la jinai kwa sababu hiyo pekee.

Msingi wa kanuni hizo ni "tumia au eleza". Kampuni isiyotimiza kipengele huwajibika kueleza kwa wadau na kwa Mamlaka kwa nini haijatimiza, na kuonyesha hatua zitakazoifikisha. Kwa hiyo kosa unaloweza kulalamikia ni kukosekana kwa maelezo, au maelezo yasiyo na kitu. "Bodi inaendelea kutafuta wagombea wanaofaa" si maelezo. Maelezo yana sehemu 3: sababu mahususi, kinachofanywa, na muda. Sentensi ileile ikirudi katika ripoti 3 mfululizo, nakili kurasa zote 3. Hiyo ni hoja nzuri kuliko bango lolote.

Kati ya pande hizo mbili zipo kampuni zilizoorodheshwa ambazo Serikali ina hisa nyingi, kama KenGen, ambako ina asilimia 70, na Kenya Power, ambako ina asilimia 50.1. Usikimbilie jibu. Angalia kwanza mkurugenzi unayemzungumzia aliteuliwa kwa niaba ya Serikali au alipigiwa kura na wenyehisa wengine.

Kisha hesabu, maana nayo hukosewa pande zote mbili. Kanuni inasema jinsia moja isizidi thuluthi mbili. Hesabu kiwango cha juu, usikadirie cha chini. Katika bodi ya watu 9, wa jinsia moja wasizidi 6, kwa hiyo wa jinsia nyingine wawe angalau 3. Katika bodi ya 7, thuluthi mbili ni 4.67, na kwa kuwa hakuna sehemu ya mtu, wasizidi 4. Kwa hiyo angalau 3. Wengi hugawanya 7 kwa 3, wakapata 2.33, wakasema wanawake 2 wanatosha. Hawatoshi: wanaume 5 kati ya 7 ni asilimia 71. Bodi ya 8 inahitaji 3, ya 10 inahitaji 4, ya 11 inahitaji 4. Mtu mmoja akijiuzulu hesabu nzima inabadilika, kwa hiyo tumia orodha ya siku ya mkutano, si ya jalada la ripoti.

Kurasa za kufungua

Picha za wakurugenzi zilizo mwanzoni mwa ripoti hazikuambii lolote. Nenda kwenye taarifa ya utawala wa kampuni na utafute jedwali la mahudhurio. Vikao vya kawaida kwa mwaka mara nyingi ni 4, pamoja na vya dharura. Kwa benki, kanuni za Benki Kuu zinamtaka kila mkurugenzi ahudhurie angalau asilimia 75 ya vikao vya bodi. Kati ya vikao 4 hivyo ni 3, kati ya 6 ni 5 kwa sababu 4.5 haipo. Mkurugenzi aliyehudhuria nusu ana jambo la kueleza, awe mwanamke au mwanamume.

Jedwali la kamati ndilo lenye utamu. Kampuni inaweza kuwa na wanawake 3 kati ya 9, wote wamewekwa katika kamati ya rasilimali watu na ile ya misaada ya jamii, huku ukaguzi, mikopo na uwekezaji zikibaki vilevile. Asilimia imetimia, uamuzi wa fedha haujaguswa. Kamati ya ukaguzi inapaswa kuwa na wakurugenzi huru wasio watendaji wasiopungua 3, na angalau mmoja awe na taaluma ya uhasibu au ukaguzi na awe mwanachama anayetambuliwa na chama chake. Uliza ni nani huyo kwa jina. Na uliza mwenyekiti wa kamati ya uteuzi ni nani, kwa sababu sura ya bodi ya miaka 5 ijayo inapikwa huko.

Neno "huru" lina maana ya kisheria, si sifa ya tabia. Mkurugenzi aliye ndugu wa karibu wa mwenyehisa mkubwa si huru, hata kama ana shahada 3. India ilijifunza hili ilipolazimisha, kwa Sheria ya Kampuni ya 2013, kila kampuni iliyoorodheshwa iwe na angalau mwanamke mmoja: familia kadhaa zenye kampuni ziliwateua wake na mabinti zao, kiti kikajazwa na kura ikabaki ndani ya nyumba ileile. Hakuna kosa kwa mke wa mwenye kampuni kuwa mkurugenzi. Kosa ni kumwandika kama huru. Angalau thuluthi moja ya bodi inapaswa kuwa huru, na uhuru wenyewe una kikomo cha miaka 9 ya utumishi kwa jumla. Baada ya hapo mtu anaweza kubaki, lakini si kwa cheo hicho.

Halafu kuna suala la majina yaleyale. Mtu mmoja hapaswi kuwa mkurugenzi katika zaidi ya kampuni 3 zilizoorodheshwa kwa wakati mmoja, na hapaswi kuwa mwenyekiti wa zaidi ya 2. Kampuni za binafsi na mashirika yasiyo ya soko hazihesabiwi katika hizo 3, ingawa zinakula saa zilezile za siku. Tukisikia kwamba "hakuna wanawake wa kutosha" huku kampuni 3 zikigombea mtu mmoja, tunashangaa orodha ya wagombea ilitafutwa wapi. Nairobi imejaa wahasibu, mawakili, wahandisi na wataalamu wa bima waliokwisha kusimamia bajeti kubwa kuliko za baadhi ya kampuni hizo.

Jinsi kura inavyopigwa

Notisi ya mkutano mkuu hutolewa angalau siku 21 kabla. Isome hadi mwisho. Majina ya wakurugenzi yako katika maazimio, si katika barua ya mwenyekiti. Aliyeteuliwa na bodi kujaza nafasi katikati ya mwaka husimama kuchaguliwa katika mkutano unaofuata, na waliopo hurudi kwa wenyehisa angalau kila baada ya miaka 3.

Katika kampuni ya umma kila mkurugenzi hupigiwa kura peke yake. Azimio moja la kupitisha watu 2 au zaidi kwa pamoja ni batili, isipokuwa mkutano umekubali kwanza, bila kura hata moja ya kupinga, kwamba wafanyiwe hivyo. Mwenyekiti akisema "tuwapitishe wote kwa makofi", mwenyehisa mmoja anatosha kusema hapana. Ni haki yako. Huhitaji kuomba msamaha.

Usipoweza kuhudhuria, jaza fomu ya uwakilishi, ya kumtuma mtu apige kura kwa niaba yako, na uifikishe saa 48 kabla ya mkutano. Fomu zinazofika saa 47 kabla hukataliwa, na wanaolalamika kuhusu hilo tutawajibu vilevile tulivyowajibu mwaka jana. Mikutano mingi sasa hufanyika mtandaoni au kwa mseto: unajisajili kwa msimbo wa USSD (ule unaobonyezwa kwenye simu) ulio katika notisi ukitumia nambari ya kitambulisho na ya akaunti ya CDS, yaani ile inayohifadhi hisa zako kielektroniki, na maswali hutumwa kwa maandishi kabla ya tarehe iliyotajwa. Swali lililoandikwa vizuri hujibiwa. "Mbona hamna wanawake?" hupata jibu la sentensi moja. Jaribu hivi: "Ukurasa wa utawala unasema sera ya mseto ilipitishwa. Lengo la idadi ni lipi, tarehe ni ipi, na kati ya nafasi zilizojazwa katika miaka 3 iliyopita ni wanawake wangapi walifika katika orodha ya mwisho ya kamati ya uteuzi?" Hapo katibu wa kampuni atalazimika kufungua faili.

Wanaotaka kumwondoa mkurugenzi kabla ya muda wake kuisha wajue njia yao ni hii: azimio la kawaida, yaani zaidi ya nusu ya kura, likitanguliwa na notisi maalumu ya siku 28 kwa kampuni. Kampuni humpa mhusika nakala. Ana haki ya kuandika utetezi wake na kutaka usambazwe kwa wenyehisa, na ana haki ya kusikilizwa mkutanoni hata kama si mwenyehisa. Barua kwetu si notisi maalumu. Wala maombi yenye sahihi 200 zilizopigwa picha kwa simu.

Mabadiliko yakishafanyika, kampuni ina siku 14 za kumjulisha Msajili wa Kampuni kupitia mfumo wa usajili ulio katika eCitizen, ikiambatanisha azimio, kitambulisho, nambari ya PIN ya kodi, anwani na idhini ya aliyeteuliwa. Kinachokwama mara nyingi ni kidogo sana: jina la kitambulisho halilingani na la PIN, hasa kwa wanawake waliobadilisha jina baada ya ndoa kwenye hati moja na si nyingine. Rekebisha PIN kwanza, kisha wasilisha. Kuchelewa ni kosa la kampuni na la kila ofisa aliyehusika: faini hutozwa kwa wote wawili, na baada ya hukumu huongezeka kwa kila siku ambayo kosa linaendelea. Kwa benki kuna hatua ya ziada: Benki Kuu humchunguza mteule kabla hajaanza kazi. Aliyeketi kikaoni kabla ya idhini ameiweka benki nzima matatani.

Mkiamua kulalamika

Anza kwa katibu wa kampuni, kwa maandishi, na utunze jibu. Usipojibiwa au usiporidhika, kampuni zilizoorodheshwa ziko chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, ambayo inaweza kuonya, kutoza faini au kumzuia mtu kuwa mkurugenzi wa kampuni zinazouzia umma hisa. Haimpangii mwenyehisa nani wa kumchagua. Masuala ya usajili peke yake ni ya Msajili.

Weka jina kamili la kampuni, mwaka na ukurasa wa ripoti, nambari ya azimio, nambari ya akaunti yako ya CDS na jibu la katibu. Usitume anwani ya nyumbani ya mkurugenzi, nambari ya kitambulisho chake wala picha za familia yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu wewe pia. Uhusiano wake na mwenyehisa mkubwa ni jambo la kuulizwa. Kama ameolewa, ameachika au ana watoto wangapi, hilo halikuhusu, na barua za aina hiyo hatuzifungulii faili. Bango la WhatsApp halihesabiwi kuwa kiambatisho.